Kidole cha Fundi Vitasa

Sehemu ya Tisa

Kidole gumba kilikuwa kimeshapakwa wino.

Hapo ndipo nilipowaacha, na najua wako waliotaka kunipiga. Haya, nimerudi. Tuingie chumbani upesi, kabla hakijagusa karatasi.

Fundi Vitasa alikuwa amelala chali. Juu ya kifua chake palikuwa na sinia, na juu ya sinia hati. Mpwa wake, mtoto wa marehemu dada yake, alikuwa amemkamata kifundo cha mkono wa kulia. Upande wa pili Muuguzi aliukandamiza mkono wa kushoto, ule mzima, chini ya shuka.

Hati yenyewe ilikuwa fupi. Ilisema kwamba Fundi, kwa hiari yake na akili timamu, anampa Mpwa mamlaka ya kuiuza nyumba hii, na ya kuamua mzee na bintiye wakaishi wapi. Mnunuzi alikuwa amekwisha kuja mara mbili kupima ukuta.

Kidole kikashuka.

Kilichomtisha Fundi kuliko yote ni kwamba hakuhisi kitu. Upande wake wa kulia ulikufa siku ile alipoanguka karakanani na kitasa mkononi. Alikitazama kidole kikienda kwenye karatasi kama anavyotazamwa mtu mwingine akifanya dhambi. Kidole ni chake, ukucha ni wake, kovu la tupa ni lake. Lakini mwenye kukiendesha ni mwingine.

"Bado!" alipiga kelele. "Bado! Bado!"

Kwa msomaji aliyejiunga nasi leo: kiharusi kilimfagilia Fundi maneno yote, kikamwachia hilo moja. Akiomba maji, bado. Akilia, bado. Na mtaani hawakukosa la kusema. Walisema ndilo neno alilolitumia zaidi akiwa mzima, kila alipoambiwa aandike wosia.

"Bado kidogo tu, Mjomba," Mpwa alimjibu kwa upole, kama anayembembeleza mtoto. "Tunamaliza sasa hivi."

"Ngoja," Muuguzi alisema. "Dawa yake ya saa kumi. Asipokunywa atarusharusha mkono, aharibu karatasi."

"Fanya haraka."

Muuguzi aliingiza kidonge mdomoni mwa mzee, akamimina maji, akamimina tena, mpaka mashavu yakavimba. Kisha akainama kumfuta kidevu. Midomo yake ilipofika karibu na sikio la mzee, ilitikisika kidogo tu.

"Usimeze."

Fundi alimkazia macho. Huyu? Huyu aliyeletwa na Mpwa, anayelipwa na Mpwa, anayecheka Mpwa akicheka?

Kidole kilikuwa kimebakisha unene wa kucha.

Mzee hakumeza. Alikusanya pumzi yote iliyokuwa imebaki kwenye upande wake mzima, akatema.

Maji, kidonge na mate vilitua katikati ya hati. Wino ulisambaa kama tandu. Maneno "kwa hiari yake" yaligeuka doa moja la buluu.

"Mzee mchafu wewe!" Mpwa aliruka nyuma, akapangusa tai yake. "Sista, umempa maji ya kuogea?"

"Samahani, bosi. Amepaliwa."

"Haidhuru. Ninayo nakala nyingine kwenye gari."

Alikuwa ameshashika kitasa cha mlango iliposikika kengele ya geti.

Feni ilizunguka darini, ikakwaruza, ikazunguka.

"Nani huyo?" Mpwa aliuliza. Hakumuuliza mzee. Alikuwa anamtazama Muuguzi.

"Sijui, bosi."

Nje, ndara zilikimbia uani zikipiga pata, pata, pata. Kisha sauti ya furaha ikajaa nyumba nzima.

"Mama Wakili! Shikamoo! Umeleta peremende?"

* * *

Aliyefungua geti alikuwa kitindamimba wa Fundi, ambaye watu wote humwita Kitinda. Mwanamke wa miaka thelathini na ushei, mrefu kama babake, mwenye akili iliyogoma kukimbizana na mwili. Huwezi kumtuma dukani na vitu vitatu. Atarudi na kimoja na hadithi ya viwili. Lakini hasahau uso wa mtu, na hajui kusema uongo. Mama yake alipofariki, Fundi alimlea peke yake. Binti huyu ndiye aliyemfanya Fundi hatimaye aende kwa wakili. Kila usiku swali lilikuwa hilohilo: nikiondoka mimi, huyu atabaki mikononi mwa nani?

Rasimu ya wosia iliandikwa. Fundi akaambiwa arudi Jumatatu kutia saini mbele ya mashahidi wawili. Jumapili akaanguka.

Na wosia usiotiwa saini, kama alivyosema Mama Wakili mwenyewe, ni karatasi ya kufungia sabuni.

"Karibu sana, mama," Mpwa alimpokea mlangoni. Sasa alikuwa na uso mwingine, mpana, wa msibani. "Umefanya vizuri kuja kumjulia hali. Ila nikuandae kabisa. Hatambui mtu. Amebaki mwili tu."

Mama Wakili alikuwa mfupi, mnene, na kiatu kimoja kilikuwa kinampwaya. Aliweka mkoba chini, akavuta kiti mpaka kitandani.

"Fundi. Unanijua mimi ni nani?"

Ndiyo! Fundi alipaza sauti ndani ya kichwa chake. Ndiyo, mama, ndiyo! Nitoe humu!

"Bado," mdomo ukasema.

Mpwa akashusha pumzi kwa huzuni. "Umeona."

"Unajua leo ni siku gani?"

"Bado."

"Unaelewa ninachokuuliza?"

"Bado. Bado."

Jasho lilimtiririka Fundi mpaka masikioni. Alimwona Mama Wakili akishusha mabega. Alimwona akiutafuta mkoba kwa mkono bila kuutazama, kama wanavyofanya watu wanaotaka kuaga pasipo kuumiza. Mlango pekee uliokuwa umefunguka ulikuwa unafungwa, na anayeufunga ni ulimi wake mwenyewe.

"Pole sana, mzee wangu," alisema, akainuka.

"Kwani unaondoka?" Kitinda aliuliza. Alikuwa amekaa miguuni pa kitanda, shavu limevimba peremende. "Baba amekujibu, wewe unaondoka."

"Amenijibuje, mwanangu?"

"Amesema ndiyo. Anakujua."

"Kitinda, nenda nje," Mpwa alisema.

"Amesema bado," Mama Wakili alisema taratibu.

"Ee, bado ya ndiyo! Bado ya ndiyo inashuka. Hivi, bado." Aliishusha sauti kama mtu anayeweka ndoo chini. "Bado ya hapana inapanda. Bado!" Akacheka. "Huisikii? Mbona ni rahisi?"

Mama Wakili alisimama hapo, mkoba mkononi. Kisha akakaa tena, safari hii ukingoni mwa kitanda.

"Mama, tafadhali," Mpwa alisema huku akitabasamu. "Huyu binti naye, unamjua hali yake. Hivi mahakama gani itasikiliza maneno ya huyu?"

"Mahakama sijui. Mimi nasikiliza." Alimgeukia mzee. "Fundi, mara ya kwanza mimi na wewe tulikutana mahakamani?"

"Bado!" Ilipanda.

"Sokoni?"

"Bado!" Ikapanda tena.

"Tulikutana mlangoni pa ofisi yangu, nimejifungia nje, kiatu kimoja kimekatika kisigino nimekishika mkononi, nawatukana watu wote wanaopita?"

Nusu ya uso wa Fundi ilicheka. Nusu nyingine haikuweza, ikabaki inatazama.

"Bado," alisema. Ilishuka mpaka chini kabisa, ikatulia.

Mama Wakili alifunika mdomo kwa kiganja. Alipokitoa, macho yalikuwa yamelowa, lakini sauti ilikuwa ya kazini.

"Kukosa ulimi si kukosa akili. Nipe mkono wako mzima, Fundi. Ukikubali nifinye mara moja. Ukikataa, mara mbili. Umeelewa?"

Alimfinya mara moja. Alimfinya kwa vidole vilivyozungusha bisibisi miaka arobaini, na Mama Wakili akasema, "Aaah, taratibu!" Kitinda akaangua kicheko. Hata Muuguzi, kule pembeni, aligeukia ukuta mabega yakimtikisika.

Mpwa peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama dirishani, na tabasamu lilikuwa limemkaukia usoni kama rangi iliyoachwa juani. Alimtazama mjomba wake kwa namna mpya. Fundi aliona jicho lile, na ubaridi ukampanda mgongoni bila kujua kwa nini. Si alikuwa anashinda?

* * *

"Hii karatasi iliyolowa ni ya nini?" Mama Wakili aliuliza, akaiokota sakafuni.

"Ah, mambo ya familia tu."

Aliisoma. Akaikunja na maji yake, akaitia mkobani. "Familia imo, naona. Mwenye nyumba ndiye simwoni. Fundi, ulisomewa hii?"

Vidole vilifinya mara mbili.

"Unataka kuuza nyumba?"

Mara mbili, kwa nguvu.

"Basi sikia. Kidole kikibanwa kwenye hati ambayo mwenye kidole hakusomewa wala hakuikubali, huo ni wizi. Lakini kidole hichohicho, ukisomewa wosia wako, ukiukubali mbele ya mashahidi wawili na daktari akathibitisha kwamba unaelewa, ni saini kamili. Kesho asubuhi naja na daktari na karani. Uko tayari?"

Mara moja.

"Nyumba ibaki ya Kitinda, isiuzwe maadamu yu hai, kama ulivyosema?"

Mara moja.

"Na mlezi wake abaki yuleyule uliyemtaja? Huyu mpwa wako?"

Mpwa aligeuka ghafla kutoka dirishani.

"Mimi?"

Kumbe hakujua. Miezi yote ile ya kuvizia hati na kutafuta wino, hakujua kwamba mzee alikuwa tayari kumkabidhi kilicho kizito kuliko nyumba.

"Ulinitaja mimi, Mjomba?" alisema tena, na kwa kitambo kidogo sauti haikuwa ya mtu mwenye tai. Ilikuwa ya yule mtoto aliyekuwa akishinda karakanani akimshikia mjomba wake skrubu, akifundishwa urafiki na kufuli. Fundi alimpenda mtoto yule. Alimlipia shule. Ndiyo maana alimtaja. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye nguo hiyo aliishona mwenyewe.

Machozi yalimtoka upande mmoja.

Alifinya mara mbili.

"Hapana?" Mama Wakili aliuliza, ahakikishe.

"BADO!" Fundi alisema, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Uso wa mtoto ulifutika. Mpwa alirekebisha tai.

"Basi mlezi mwingine tutamtafuta kesho kwa utulivu, jina kwa jina," Mama Wakili alisema, akitazama saa. "Kwa sasa nakimbilia masjala ya mahakama kabla haijafungwa. Naomba zuio: nyumba hii isiuzwe na mzee huyu asihamishwe. Sista, wewe usitoke humu chumbani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mama."

"Nami nitamwangalia," Mpwa alisema. "Ni mjomba wangu."

Alimsindikiza wakili mpaka getini, akambebea mkoba. Akamfungulia geti. Akampungia mkono mpaka gari likakata kona.

Kisha akarudi ndani, na safari hii hakuwa na haraka.

* * *

"Nani alimpigia simu wakili?"

Muuguzi alikuwa amesimama kati yake na kitanda. Mikono aliificha nyuma.

"Mimi."

"Kumbe. Chukua vitu vyako."

"Wakili amesema nisitoke."

"Wakili ndiye anayekulipa? Toka kwa miguu yako, au nipige simu kituoni niseme dhahabu ya marehemu mke wa Mjomba imepotea, na aliyekuwa na ufunguo wa kabati ni wewe. Tuone wanamwamini nani."

Muuguzi alimtazama Fundi. Macho yake yaliomba radhi, yakaomba tena. Aliokota mkoba wake akatoka, na Fundi akasikia hatua zake zikigeuka mbio kabla hazijafika geti. Anakwenda kuita watu, au anakimbia tu? Hakujua.

Mpwa alivuta kile kiti cha wakili. Akakaa.

"Kumbe unasikia," alisema.

Fundi aligandisha macho kwenye feni.

"Miezi miwili, Mjomba. Naingia, natoka, nazungumza na simu hapo dirishani, mbele yako, nikijua hapa hakuna mtu. Kumbe kuna mtu." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na hewa. "Umesikia kila kitu, sivyo?"

Hapo ndipo Fundi alipouelewa ule ubaridi wa mgongoni.

Alikuwa amesikia, naam. Wiki ile ya kwanza, Mpwa alisimama palepale dirishani, simu sikioni, akamwambia mtu asiyejulikana: "Dawa za presha si nilikuwa namnunulia mimi? Nikabadilisha vidonge. Nani atajua?"

Ujinga wa kusingiziwa ndio uliokuwa ngao yake. Alikuwa hai kwa sababu alidhaniwa gogo. Na alasiri hii, mbele ya wakili, kwa furaha, kwa kufinya vidole, alikuwa ameivua ngao hiyo mwenyewe na kuiweka sakafuni.

"Ulisikia habari ya vidonge?"

Fundi alifumba macho.

"Nifinye," Mpwa alisema, akampa mkono. "Si ndivyo mnavyoongea siku hizi? Nifinye, Mjomba."

Mkono wa Fundi ulilala juu ya shuka kama samaki aliyekufa.

"Sawa. Heri yako una neno moja. Ungekuwa na mawili, tusingekuwa tunazungumza hivi." Aliinuka. "Kesho daktari akija, asikute mtu humu. Akikuuliza jina, tazama dari. Akikupa mkono, legea. Wakili atakuwa mama mmoja mwenye huruma aliyejidanganya. Ukitaka kujifanya mjanja, basi Kitinda hutamwona. Nitampeleka mahali ambako hata yeye mwenyewe hawezi kueleza ni wapi."

"Bado!"

"Unamtegemea yule wakili? Yuko masjala anapanga foleni. Fimbo ya mbali haiui nyoka."

Akafungua mlango. Sauti yake ikawa asali. "Kitinda! Njoo twende tukanunue aiskrimu."

Pata, pata, pata. Kitinda aliingia akiwa ameshavaa mtandio kinyume. "Baba, nakwenda na Kaka. Nitakuletea yako. Ya maziwa, sio?"

"Bado!" Fundi alisema. Aliipandisha kadiri alivyoweza. "Bado! Bado!"

Kitinda akasimama. "Baba anasema hapana."

"Anatania."

"Baba hatanii na hapana." Paji la uso lilimkunjamana. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. "Kaka, mimi nabaki. Twende kesho."

Mpwa hakubishana. Alimshika mkono juu ya kiwiko, pale panapouma, akamvuta. Mtandio ulibaki kwenye kitasa cha mlango.

"Unaniumiza! Baba! Kaka ananiumiza!"

Mlango wa chumba ukafungwa. Ukafuata wa mbele. Fundi alivifunga vitasa vya nyumba hii vyote kwa mkono wake, na aliusikia ulimi wa chuma ukiingia ukutani, ukazungushwa mara ya pili. Alijua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba mlango ule haufunguki kwa bega.

Dirisha lilikuwa wazi, nondo zake nene. Chini yake, kwenye kokoto, zilipita nyayo za aina mbili: viatu vya ngozi vinavyokanyaga kwa uzito, na ndara zinazoburuzwa. Zilikwenda kwenye gari. Sauti ya Kitinda ilikuwa imegeuka kilio cha chinichini, kile cha mtoto aliyekatazwa kulia.

Fundi alijirusha. Mkono mzima ulikamata ukingo wa kitanda, akajivuta, akaanguka nusu, kichwa kikining'inia karibu na dirisha. Kitu kilimpanda kifuani. Kilipita kooni, kikasukuma ulimi, na ulimi uliokuwa umelala miezi miwili ukageuka kama ufunguo ulioshika kutu.

"HAPANA!"

Alilisikia neno mwenyewe, zima, na herufi zake zote. Lilitoka dirishani likagonga ukuta wa jirani.

"Hapana! Muache! Muache mwanangu!"

Maneno! Alikuwa na maneno!

Kule nje, nyayo zilisita.

Mlango wa gari ulifunguliwa, mtu akasukumwa ndani, ukabamizwa. Kilio cha Kitinda kilizibwa na kioo.

Kokoto zikaanza kulia tena, polepole, zikija upande wa dirisha. Safari hii hapakuwa na ndara. Vilikuwa viatu vya ngozi peke yake.